Siku kumi na baba: Mtwara mpaka Ziwa Nyasa, tukarudi kwa Mikumi

Nimeandika haya kila usiku kwenye daftari la watoto, saivi nimekaa nayanyoosha kidogo tu, yale mengine nayaacha yalivyo.

Kwanza niseme kwanini tulienda. Baba yangu alikuwa utingo wa malori toka mwaka 1974 baadae akapewa usukani, kazi yake ilikuwa kutoa chumvi na sukari na nazi huku Mtwara kupeleka Songea mpaka Mbinga, kurudi anapakia tumbaku au kahawa. Miaka mingi sana. Na kote huko hajawahi kuliona Ziwa Nyasa. Mbinga alifika hata mwenyewe hajui mara ngapi, kutoka pale kwenda Mbamba Bay ni kilometa sitini na kitu tu, lakini barabara ya kushuka ziwani enzi zile ilikuwa mbaya na tajiri anataka gari ligeuze haraka, basi yeye anashusha mzigo anapakia anarudi. Toka mimi mdogo nasikia "niliishia Mbinga". Sasa ana miaka 71, magoti yanasumbua, nikamwambia mume wangu likizo ya Juni hii tumpeleke mzee akalione, na watoto waone wanyama kwa macho sio kwenye tivii. Mume wangu hakubisha hata kidogo, namshukuru sana.

Kikwazo kilikuwa baba mwenyewe, maana Juni ndo mwezi wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, ukichelewa ugonjwa wa ubwiri unga unakula maua yote na msimu umekwisha. Tukakubaliana kijana wake wa shamba atapuliza na baba atampigia simu kila jioni. Akakubali. Kila jioni kweli alipiga.

SIKU YA 1, Jumamosi. Mtwara - Masasi - Tunduru

Tumetoka Shangani saa kumi na moja alfajiri, Noah yetu, watu sita: mimi, mume wangu, baba, na watoto watatu. Baba amekaa mbele, hiyo haikujadiliwa. Nimebeba ming'oko ya kuchemsha ndoo ndogo, chapati, chai chupa mbili, na korosho za kubanika.

Ipo njia ya Newala ila sisi tumepita Mingoyo. Pale njia panda ya Mnazi Mmoja, kulia unakwenda Lindi mjini na Dar, kushoto Masasi, baba akasema gari lisimame. Akashuka akanunua karanga za mia tano kwa mama mmoja pembeni ya barabara, akarudi, akasema zamani hapa ndo tulikuwa tunaagana na waliokwenda Dar, maana mvua ikinyesha huku wala kule hujui nani atafika. Akaongeza: kama njia ni mduara kweli basi tutarudi hapa hapa kwa upande ule, akaonyesha kidole Lindi. Nikamwambia ndio baba, siku ya kumi.

Mtama, Nyangao, Ndanda. Kipande hiki baba haongei sana, anaangalia tu. Baada ya Mtama akawaeleza watoto kwamba zamani kulikuwa na treni huku, wakadhani hadithi. Ni kweli, Waingereza walijenga reli kwa ajili ya ule mradi wao mkubwa wa karanga wa Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940, karanga zikawashinda, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Baba alikuwa mtoto inang'olewa. Bandari yetu ya Mtwara nayo ilijengwa kwa sababu ya karanga hizo hizo, na leo inapakia korosho.

Masasi tumekula wali maharage, ile miamba mikubwa juu ya mji watoto wamepiga picha sana. Nikawaambia Rais Mkapa kazaliwa na kuzikwa huku, Lupaso, maana mwisho wa safari tutapita daraja lenye jina lake na nilitaka wakumbuke.

Kutoka Masasi unapita Mangaka, hapo ukikata kushoto unakwenda Mtambaswala kwenye Daraja la Umoja, ng'ambo ni Msumbiji. Sisi tukanyoosha Tunduru. Na hapa sasa ndo baba akafunguka. Lami yote, laini, gari linateleza, na yeye kila baada ya muda anasema "hapa tulilala siku mbili", "hapa tulilala siku nne, tukala mihogo ya watu", "huu mteremko ulikula gari la fulani". Alikuwa anaitambua kwa milima na mito, sio kwa vijiji. Mkubwa wangu akamuuliza babu mlikuwa mnalala wapi, chini ya gari? Akasema chini ya gari hapana, Tunduru ilikuwa na simba, tulilala juu ya mzigo au ndani ya kabini watu watatu tumekunjana. Njia waliyokuwa wanatumia wiki nzima wakati wa masika sisi tumemaliza Mtwara mpaka Tunduru kabla jua halijazama na tumesimama mara tano.

Tunduru tumelala gesti ya kawaida, safi. Mji wa vito huu, toka ile miaka ya 1990 watu walipovamia kuchimba, mpaka leo unaona vibao vya wanunuzi wa madini mtaani.

Simu ya jioni: kijana kapuliza mistari sita.

SIKU YA 2, Jumapili. Tunduru - Songea

Kilometa kama 265. Katikati huku ni mapito ya tembo, wanatoka upande wa Selous kwenda Niassa kule Msumbiji na kurudi, wanavuka barabara hii hii. Hatukuona tembo, tuliona kinyesi kibichi katikati ya lami na mume wangu akapunguza mwendo mwenyewe bila kuambiwa. Namtumbo mashamba ya tumbaku. Baba anaijua harufu ya tumbaku iliyokaushwa kabla sisi hatujasikia chochote.

Kijiji kimoja trafiki wametupiga tochi, tulikuwa 61 kwenye 50. Elfu thelathini. Ni kosa letu, tumelipa.

Songea saa saba mchana, moja kwa moja Makumbusho ya Majimaji. Mimi ni mwalimu wa msingi, somo hili nimelifundisha miaka kumi na mbili na sikuwahi kufika pale. Wale mashujaa wa vita ya Majimaji walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906 wamezikwa pamoja kwenye kaburi moja, majina yao yameandikwa, na Nduna Songea Mbano ana kaburi lake. Inaelezwa kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alifika hapa hapa akaomba radhi.

Kilichonishika mimi ni kitu kingine. Vita ile ilianzia kwetu, Nandete kwenye milima ya Matumbi, Kilwa, Julai 1905, watu waling'oa pamba ya Mjerumani, na kabla ya hapo Kinjekitile Ngwale alishatoa maji yake kule Ngarambe. Na imefika mpaka huku kwa Wangoni, kwa miguu. Sisi tumekuja kwa gari siku mbili tumechoka. Baba alikaa kwenye kivuli muda mrefu akamwambia mkubwa wangu, bibi yake yeye, yaani mama wa mama yake, alikuwa anasimulia njaa iliyokuja baada ya vita, Wajerumani walichoma vyakula na maghala, watu wakala mizizi porini. Hilo mimi nilikuwa sijalisikia kutoka kwake, nina miaka 43. Nikajiuliza kuna mangapi tena kichwani mwake ambayo hatujauliza.

SIKU YA 3, Jumatatu. Songea - Mbinga - Mbamba Bay

Asubuhi baridi. Baba kavaa koti juu ya kanzu. Kufika Mbinga kabla ya saa tano.

Mbinga akaomba tumtafutie lile ghala walilokuwa wanapakia kahawa. Tumezunguka, tumeuliza, mzee mmoja Mmatengo akatuelekeza, kufika pamebadilika kabisa, kuna fremu za maduka. Baba akasimama pale, akasema hapa, gari lilikuwa linaelekea hivi. Akageuka akaangalia upande wa magharibi. "Na ile ndo njia ya ziwani." Basi tukaingia kwenye gari.

Kabla hamjashuka angalieni milima ya Wamatengo pembeni, kuna mashamba yenye vishimo vilivyopangwa kama sega la nyuki mlima mzima, wanaita ngoro. Nyasi zinalazwa chini kwa mistari ya kukatana, udongo unafukiwa juu, shimo linabaki katikati, mvua ikija maji yanatuama kwenye mashimo hayaondoki na udongo. Wanalima hivyo kwa miaka mingi sana na milima ile imesimama wima lakini haina makorongo. Mimi natoka kwenye nchi ya mchanga nimeshangaa mno.

Halafu njia inaanza kushuka. Lami mpya, kona juu ya kona, masikio yanaziba. Na kwenye kona moja, sikumbuki ya ngapi, miti ikafunguka na chini kabisa kukawa na bluu. Mume wangu akasimamisha gari pembeni bila kuambiwa. Baba hakushuka haraka. Alifungua mlango akakaa miguu nje. Akasema "kumbe ilikuwa hapa tu."

Watoto wakanyamaza, na watoto wangu hawanyamazi.

Tumefika Mbamba Bay saa nane, ile ghuba imekaa vizuri imezungukwa na vilima na mawe makubwa, mitumbwi imevutwa mchangani. Kitinda mimba ana miaka sita, amezaliwa na bahari, kakimbia moja kwa moja akachota maji akaonja akarudi anakimbia, "Mama hii bahari haina chumvi!" Kila mtu pale ufukweni alicheka kwa upendo, mama mmoja aliyekuwa anaanika usipa, dagaa wa huku, akamwita akampa usipa mkavu mkononi.

Jioni ndo nikaona jambo lenyewe. Kwetu Mtwara jua linatoka baharini, sisi tunaliona asubuhi likipanda kutoka majini. Huku linaingia majini, upande wa Malawi. Baba alikaa kwenye jiwe akaangalia mpaka likazama lote. Halafu kwa kuwa ni mtu wa pwani akaniuliza, maji yanatoka saa ngapi? Yaani kupwa. Nikamwambia baba ziwa halipwi. Hakubishana. Akatafuta kijiti akakichomeka pale pale maji yanapoishia, akaenda kuswali magharibi.

SIKU YA 4, Jumanne. Mbamba Bay

Saa kumi na moja na nusu asubuhi nimemkuta ufukweni kwenye kijiti chake. Vile viwimbi vidogo vinakilamba na kurudi, pale pale. Akanionyesha. Mvuvi mmoja aliyekuwa anatoa nyavu akamweleza vizuri tu kwa heshima, Mzee, maji yetu yanapanda kwa msimu wa mvua na kushuka kiangazi, lakini kwa siku hayaendi popote. Baba akamuuliza sasa nyie mnajuaje muda wa kuvua? Wakaanza mazungumzo hayo, upepo, mwezi, karabai za kuvulia usipa usiku wa giza, ule upepo wa mwera unaotoka kusini unavyochafua ziwa miezi hii. Mwera! Baba akashtuka, maana kwetu Mwera ni kabila na yeye mwenyewe mama yake ni Mmwera. Walikaa pale saa nzima na zaidi.

Leo hatukuendesha gari kabisa. Tumekula mbasa wa kukaanga na ugali, mbasa ni mtamu, nyama yake inafanana kidogo na kibua mkubwa ila laini zaidi, mchana tena magege. Usipa tumenunua ndoo ya lita kumi wa kupeleka nyumbani. Ukitumbukiza uso kwenye maji karibu na mawe unaona samaki wadogo wa bluu na njano, ziwa hili lina aina za samaki nyingi kupita ziwa lolote duniani, wale wadogo wa mawe watu wa nje wanawafuga kwenye matangi ya vioo nyumbani. Tumewauliza wenyeji wapi pa kuogelea maana kuna mamba sehemu za mito inapoingia, na kwenye matete yaliyotuama kuna kichocho. Wakatuonyesha penye mawe na maji safi. Ulizeni jamani, msijitupie tu.

Dada wa kati anapenda historia kama mimi, nikamwambia kaskazini kidogo ya hapa, Liuli, ambako Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa ajili ya jiwe lenye umbo la sanamu, Agosti 1914 meli ya Waingereza Gwendolen iliikuta meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann iko juu nchi kavu inatengenezwa, wakaipiga mizinga. Ilikuwa siku za kwanza kwanza za ile vita kuu na yule nahodha Mjerumani hakuwa amepata habari kwamba kuna vita. Nahodha wa Kiingereza alikuwa rafiki yake. Akaniuliza wakasameheana? Sikuwa na jibu.

Simu ya jioni ikawa ndefu. Mistari yote imekwisha, raundi ya kwanza. Baba hakuongelea mikorosho hata dakika mbili, alikuwa anamsimulia kijana habari ya kijiti.

SIKU YA 5, Jumatano. Mbamba Bay - Songea - Njombe

Siku ngumu. Kupanda kutoka ziwani gari likachemka, mshale umepanda mpaka juu na mvuke unatoka. Tumesimama kwenye kona mbaya, mume wangu akaweka matawi barabarani nyuma na mbele. Baba akashuka, magoti yake hayo hayo, akasikiliza tu, akasema ni hozi ya rejeta, subirini ipoe msifungue mfuniko. Tumesubiri dakika arobaini. Kweli, hozi ya juu imechanika karibu na klampu. Akaomba kisu, akakata mpira wa tyubu ya baiskeli ambayo tulikuwa tunafungia mizigo juu ya keria, akaufunga kwa kuuvuta mzunguko kwa mzunguko mpaka ukawa mgumu kama jiwe, akafunga na waya, tukajaza maji tuliyochota ziwani kwenye madumu. Akamwambia mkubwa wangu ashike hapa, avute, asilegeze. Kijana ana miaka kumi na nne, anataka kila kitu kifanywe na simu, siku ile mikono yake ilikuwa myeusi mpaka kwenye kiwiko na uso umejaa furaha. Ile hozi imetufikisha Songea kilometa zaidi ya 150 bila kudondosha tone. Songea tumenunua mpya, baba akaomba ule mpira, akauweka mfukoni.

Njombe tumeingia saa tatu usiku. Baridi ambayo sisi watu wa pwani hatuna hata neno lake. Mablanketi matatu matatu. Baba kalala na soksi zangu.

SIKU YA 6, Alhamisi. Njombe - Iringa - Mikumi

Barabara ndefu, misonobari ya Sao Hill pale Mafinga, malori ya Zambia mengi. Mlima Kitonga mume wangu kashuka kwa gia namba mbili, baba anahesabu kona. Ruaha Mbuyuni vitunguu, mibuyu mpaka uchoke. Mikumi mjini jioni.

SIKU YA 7, Ijumaa. Hifadhi ya Mikumi

Getini saa kumi na mbili na nusu. Kiingilio kwa raia ni kidogo sana ukilinganisha na anacholipa mgeni, sema hawapokei taslimu, unapewa kontrol namba unalipa kwa simu, na mbebe vitambulisho vya NIDA. Nasema hili kwa sababu nimesikia watu wangu wa Mtwara na Lindi wengi wanasema mbugani ni kwa wazungu. Hapana. Kilichotugharimu ni mafuta ya kufika.

Hifadhi ni ya mwaka 1964, kilometa za mraba 3,230, na jina ni la ile miti ya mikumi, sisi pwani tunaiita mivumo. Kiangazi Noah inapita vizuri kwenye mbuga ya Mkata, ni tambarare, barabara ngumu. Nyumbu, pundamilia, swala hawahesabiki, twiga kumi na moja kwa mpigo, pofu mkubwa kama ng'ombe wa maziwa. Simba hatukumuona, kitinda mimba kasikitika sana na hakuficha.

Ila nataka niongelee tembo. Tuliwakuta karibu na barabara, majike na watoto, kama ishirini, mume wangu akazima gari. Sasa kwa baba tembo ni nani? Ni yule anayetoka porini usiku anamaliza mahindi na kuvunja mikorosho, kule Liwale na Nachingwea na Tunduru watu wanalala mashambani wanapiga madebe, wengine wamekufa. Maisha yake yote tembo kwake ni wa kufukuzwa au wa kukimbiwa. Nikamwangalia. Kadogo kamoja kalikuwa hakajui kutumia mkonga, kanajaribu kunyofoa majani kanaangusha, kanajaribu tena, mama yake amesimama tu anakasubiri. Baba akasema kwa sauti ya chini, "hawa leo hawana haraka." Tukakaa nusu saa. Baadae akaniambia hakuwahi kuwaona mchana wakiwa hawana hofu naye. Na mimi simwambii mkulima wa Liwale aliyepoteza shamba kwamba tembo ni wazuri, sina haki hiyo, nasema tu nilichokiona kwenye uso wa baba yangu.

Bwawa la viboko ni karibu na geti na unaruhusiwa kushuka sehemu waliyotenga, tumekula chapati pale. Saa tano na nusu tumetoka ili wanaume wawahi Ijumaa mjini.

Ile barabara kuu inakata hifadhi kama kilometa hamsini, kibao kinasema mwendo 70 mchana na 50 usiku, na kuna bango la faini za kugonga wanyama. Mabasi yalikuwa yanatupita kama tumesimama. Tumekuta swala mmoja amegongwa, bado wa moto.

SIKU YA 8, Jumamosi. Udzungwa

Kilometa kama sitini kwenda Mang'ula, miwa ya Kidatu njia nzima. Hifadhi hii ya mwaka 1992 haina barabara ya gari ndani, ni miguu tu. Baba na kitinda mimba wakabaki chini na mimi nikapanda na wengine na askari mwongozaji mpaka maporomoko ya Sanje, mita kama 170 kwa jumla. Tumewaona mbega wekundu wa aina ambayo haipatikani kwingine duniani ila huku. Maji ya baridi, miguu inatetemeka kushuka. Nimeandika kidogo kwa sababu nimechoka.

SIKU YA 9, Jumapili. Mikumi - Mbagala

Foleni. Kwa dada yangu Mbagala Rangi Tatu, pilau, usingizi.

SIKU YA 10, Jumatatu. Mbagala - Mtwara

Tumetoka saa tisa usiku. Kibiti, Ikwiriri, halafu Rufiji alfajiri ukungu umelala juu ya maji. Daraja la Mkapa, karibu kilometa moja, la mwaka 2003. Dada wa kati ndo alikumbuka Lupaso, sikumkumbusha. Baba akatuonyesha upande wa kivuko cha zamani, Ndundu, malori yalikuwa yanapanga foleni siku kadhaa, na mto ukijaa hakivuki chochote, kusini inakuwa kama kisiwa. Sio zamani hivyo, jamani. Na Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara Somanga na kuja huku tulirudi kuwa kisiwa tena, mafuta na bei za vitu kila mtu anakumbuka. Ndio maana nikiona kalavati jipya nasoma mpaka kibao chake.

Somanga samaki na pweza wa kukaanga. Kulia kwetu milima ya Matumbi, nikawaambia watoto ndo ile, vita ilianza kule juu, na kaburi mmeliona Songea. Wakaangalia mpaka ikapotea. Nangurukuru mkubwa akaomba tuingie Kilwa Kisiwani, nauli ya boti na mafuta vilikuwa vimeshatuishia, nikamwahidi Desemba. Nitatimiza.

Lindi saa saba. Mingoyo saa saba na nusu. Njia panda. Yule mama wa karanga yupo pale pale, baba akashuka, akanunua tena za mia tano, akamwambia mama nilinunua kwako siku kumi zilizopita nikaenda kule, nimerudi kwa kule. Mama akamuuliza umezunguka wapi mzee? Akamwambia ziwani.

Nyumbani saa tisa alasiri. Mita inasema kilometa 2,791. Tumetumia milioni moja na laki nane na ushee, nusu nzima ni mafuta.

Jumanne asubuhi naamka kumpelekea chai, kitanda kimetandikwa. Alishapanda bodaboda kwenda shamba. Nikapiga simu, akapokea yule kijana, nasikia nyuma baba anamwelekeza, sio hapo, sogea, hapo maji yanapoishia, na kijana anauliza sasa mzee kijiti cha nini kwenye mchanga mkavu huku shambani.